Mnara Mzima Kwenye Karatasi

Zahanati, 3 Machi

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba yule wa pili ameshaacha kula chaki. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepoa kidogo tangu nilipomkataza kupanda ngazi ya dari kutafuta vitu ambavyo hata yeye hakumbuki ni vitu gani. Shemeji yako amepaka mlango wa mbele rangi ya bluu iliyobaki shuleni, sasa wazazi wa wanafunzi wanabisha hodi kwetu wakidhani ni ofisi ya mwalimu mkuu.

Utajiuliza kwa nini nimerudi kwenye kalamu na karatasi kama bibi yetu. Sababu ni moja: mnara wetu wa simu umekufa. Leo ni siku ya ishirini na sita. Nilikwenda semina ya chanjo wiki nzima, niliporudi nikakuta simu yangu imebaki kuwa saa. Rafiki yako Mlinzi, ambaye wewe ndiye uliyemtafutia kazi ya kuulinda mnara huo, akanieleza yaliyotokea. Walikuja watu sita na lori. Wakayashusha masanduku ya kijivu, yale yaliyofanya kazi miaka tisa bila kumsumbua mtu, wakapandisha masanduku meupe. Wakapiga picha kutoka pande nne. Ya tano wakajipiga wenyewe, vidole gumba juu. Wakaondoka. Tangu hapo hakijawaka kitu, hata taa moja ndogo.

Redio inasema nchi imeachana na mitambo ya taifa moja kubwa na kuchukua ya taifa jingine kubwa, na kwamba huo ni ushindi. Ushindi wa nani, mtangazaji hakusema.

Mimi shida yangu ni gari la wagonjwa. Zamani nilikuwa napiga simu, baada ya saa moja liko mlangoni. Sasa lazima mtu achukue pikipiki mpaka juu ya kilima cha ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu kama mvua haijanyesha, ndiko simu inakoshika. Nina wajawazito kumi na mmoja kwenye daftari langu. Mmoja ni mke wa Mlinzi, anatarajia mwishoni mwa Mei, na mimba zake mbili za nyuma ziliharibika kwa kutoka damu nyingi. Huyo ndiye ananikosesha raha.

Nilikupigia mara mbili nikiwa huko kilimani, hukupokea. Wewe ndiye fundi wa minara katika ukoo huu. Uliza huko kwenu, hao watu warudi wamalizie kazi yao. Barua hii nampa dereva wa gari la chanjo. Anapita huku kila baada ya wiki tatu au nne, mpe yeye jibu.

Dada yako


Mjini, 28 Machi

Dada,

Barua yako imefika ikinukia dawa kama wewe mwenyewe, nikafurahi kabla hata sijaifungua. Sisi hatujambo. Wifi yako anakuuliza ile dawa ya mikwaruzo ya watoto inaitwaje, maana yule wa pili ameacha chaki kweli, sasa anapanda makabati. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie ngazi ya dari ni kazi ya shemeji.

Mimi nimepandishwa cheo, sijui kama nilikuambia. Sipandi minara tena. Ni msimamizi, nina meza ghorofa ya tatu na feni inayokwaruza. Bosi wangu tunamwita Tai, kwa sababu haivui tai yake hata akipelekwa juu ya paa.

Ungeona tunachokifanya huku ungeshika tumbo. Mkataba unataka kila sanduku la kijivu lisagwe. Si liuzwe, si lihifadhiwe, si lipelekwe chuoni vijana wakajifunzie. Lisagwe. Kuna uwanja nyuma ya ghala, wanaume wanane wana nyundo, na bwana mmoja kutoka taifa la masanduku meupe amesimama na kofia ngumu mpya isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna kilichosalia. Juzi nilipita nikaona sanduku lenye maandishi yangu ubavuni, namba na tarehe, nililifunga mwenyewe nikiwa na nywele nyingi kuliko sasa. Lilikuwa zima kabisa. Kibarua akalipiga mara tatu, yule bwana akatikisa kichwa kwamba bado, akalipiga tena.

Usidhani nawalilia wale wa kijivu. Walinipeleka kwao miezi minne, wakanifundisha, wakanipa cheti na kalamu, na wao walipoingia walitufanyia haya haya kwa mitambo ya waliowatangulia. Hawa wanatuambia wale wanasikiliza simu zetu. Wale wanatuambia hawa ndio wanaosikiliza. Mimi nawaamini wote wawili.

Kuhusu mnara wenu, nitauliza. Mambo haya yana utaratibu wake. Waliokuja huko ni kikosi cha vibarua, siwafahamu.

Mdogo wako


Zahanati, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera kwa cheo, meza na feni. Mama amefurahi mpaka amewatangazia watu wote kwenye foleni ya kliniki kwamba mwanawe sasa ni mtu wa kukaa. Dawa ya mikwaruzo nimemwandikia wifi kwenye karatasi ya pembeni. Mimba ya mke wa Mlinzi inaendelea vizuri, na mwenyewe anatembea ameshika kiuno kama mkaguzi wa shule.

Sasa sikia. Kwanza, nilikwenda na Mlinzi mpaka chini ya mnara, akanifungulia uzio. Mimi si fundi, ni mkunga, lakini nimefunga mirija ya dripu ya kutosha maishani kujua kitu kilichoachwa njiani. Kutoka kwenye sanduku jeupe unashuka waya mweusi mnene, na ncha yake imeviringishwa mkanda wa umeme na kuning'inizwa kwenye chuma. Haujaingizwa popote, mdogo wangu. Hao watu hawakuunganisha umeme! Wamepandisha kabati tupu, wakalipiga picha.

Pili, nilipanda kilimani nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Msichana mwenye sauti tamu kama ya mtangazaji akaniuliza niko wapi. Nikamwambia. Nikasikia anabonyeza vitufe, halafu akasema, "Mama, mnara wa hapo unafanya kazi."

Nikamwambia, "Binti yangu, nimesafiri saa moja na nusu kuja kukuambia kwamba haufanyi."

"Hapa kwangu unasoma mzima, mama. Jaribu kuzima simu yako na kuiwasha."

Nilicheka mpaka mwendesha pikipiki akaniuliza kama nina homa. Nilipomaliza kucheka nikakaa juu ya jiwe.

Kwa hiyo mtu fulani ameandika kwamba mnara huu ni mzima. Vibarua hawaandiki, wanafunga skurubu. Huko kwenu kuna mtu mwenye kalamu. Niambie ni nani, nimwandikie mwenyewe, kwa adabu kabisa, na nimtumie orodha ya wajawazito wangu. Nataka jina tu.

Wiki iliyopita nilikuwa na kijana aliyeangukiwa na mti. Gari la wagonjwa lilifika baada ya saa tano. Ameokoka, mguu haukuokoka.

Dada yako


Mjini, 11 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, dereva wa chanjo alipita nikiwa kikaoni. Watoto hawajambo, wa kwanza ameng'oka jino na analionyesha hata kwa wageni wasiotaka kuliona. Pole kwa kijana wa mguu. Msalimie Mlinzi, mwambie nakumbuka siku aliponishusha kutoka juu ya tangi la maji la shule nikiwa nimekumbatia bomba na kulia. Sijamwambia mtu kazini kwamba fundi wa minara alianza hivyo.

Sherehe ya masanduku meupe ilifanyika. Utepe, zulia, balozi wao, waziri wetu, na skrini kubwa yenye ramani ya nchi ikiwa na vitone vya kijani kila penye mnara. Balozi akasema sisi ndio wa kwanza katika ukanda mzima kumaliza, na kwamba majirani zetu wataona. Tulipiga makofi. Saa hiyo hiyo, hoteli ya pili kutoka hapo, balozi wa kijivu alikuwa anazindua shule ya kompyuta ya bure, na waziri mwingine wetu alikuwa anapiga makofi huko. Madereva wa wizara walikuwa wanahama kutoka keki ya huku kwenda keki ya kule. Nilisimama chini ya ile ramani, Dada, na kitone chenu kilikuwa cha kijani kabisa.

Sasa sikia utaratibu ulivyo. Kikosi cha ukarabati hutumwa kwenye mnara mgonjwa, na mnara mgonjwa ni ule ulioandikwa mgonjwa. Wenu umeandikwa mzima siku ya makabidhiano, na haujatoa taarifa ya kuugua, kwa sababu unaotoa taarifa ni mtambo wenyewe, na mtambo hauna umeme wa kusema. Utasema basi njoo mwenyewe na bisibisi uchomeke waya. Ningekuja kesho. Lakini sanduku jeupe haliwaki kwa waya peke yake. Linasubiri ruhusa kutoka kwao, ng'ambo, kwa namba ya siri, na namba hiyo hawaitoi mara ya pili kwa mnara ambao kwa hesabu zao umeshawashwa. Ufunguo wa nyumba yetu uko kwao.

Njia iliyobaki ni moja. Aliyetia sahihi fomu ya makabidhiano aandike kwamba alitia sahihi uongo. Huyo mtu ni mzito kumshawishi. Ana watoto, ana cheo alichokisubiri miaka kumi na miwili, na akifuta fomu hiyo atanyang'anywa na leseni. Nazungumza naye. Nivumilie.

Mdogo wako


Zahanati, 1 Juni

Mama mzima. Sisi wazima. Hizo ndizo salamu.

Mke wa Mlinzi amekufa tarehe ishirini na nne.

Alikuja kwa miguu yake saa moja asubuhi, anatania. Saa nne mtoto akatoka, akalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka nusu, halafu damu ikaanza. Nilifanya kila nilichofundishwa na vingine ambavyo sikufundishwa. Nilimchoma sindano zote za kukaza mfuko wa uzazi nilizokuwa nazo. Mlinzi alikuwa ameshaondoka na pikipiki kwenda kilimani kupiga simu, na mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikaa nimembana tumbo kwa ngumi mbili. Shemeji yako alishika taa, ingawa ilikuwa mchana, kwa sababu nilimwambia ashike kitu.

Amekata roho saa nane. Gari la wagonjwa limefika saa tisa na robo. Dereva akaniambia kwamba angeitwa saa nne na nusu, saa tano na nusu angekuwa mlangoni. Sikumuuliza. Alisema tu mwenyewe, amesimama pale na machela yake. Hospitali ilikuwa na chupa mbili za damu ya kundi lake kwenye friji. Hilo niliuliza, na najuta kuuliza.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kesho yake baada ya mazishi Mlinzi alikwenda kazini, akafagia chini ya mnara. Nilimkuta anafagia. Nilitaka kumnyang'anya ule ufagio nikashindwa.

Huyo mtu wako mzito kumshawishi, mwenye watoto na cheo: mwambie mtoto ni wa kike, kilo tatu na kidogo, anakunywa maziwa ya kopo na Mama ndiye anayemlisha. Mwambie hayo tu. Jina lake silitaki tena, na nadhani unajua kwa nini silitaki.


Mjini, 26 Juni

Dada,

Sijui nianzeje na salamu, kwa hiyo siziandiki.

Mtu huyo ni mimi. Najua unajua. Acha niseme yote, kwa sababu mpaka sasa nimekupiga chenga kwenye kila karatasi.

Ilikuwa Februari, siku tatu tu tangu nipewe meza. Tai akaniletea fomu thelathini na moja na picha zake, akasema tarehe ya sherehe imeletwa karibu na balozi anataka hesabu kamili kabla hajapanda ndege, nizimalize kabla ya chai ya saa nne. Ndivyo kazi inavyofanywa hapa. Msimamizi haendi mnarani, anatazama picha, anatia sahihi. Ya kumi na saba ilikuwa yenu. Niliitambua kabla ya kusoma jina la kituo, kwa sababu nyuma ya mnara lilionekana paa la zahanati yako na mashuka yako kwenye kamba. Nikaona na waya, na ule mkanda kwenye ncha. Nikajiambia, hawa watarudi wiki ijayo wamalizie, haiwezekani wakaacha hivi. Nikatia sahihi. Kisha ya kumi na nane. Saa nne nilikunywa chai.

Ulipoandika mara ya kwanza nilikuwa na nafasi ya kusema. Ulipotaka jina nilikuwa na nafasi nyingine. Najichukia kwa zote mbili, na zaidi kwa ile ya Mei, nilipojiita "huyo mtu" nikajionea huruma mbele yako. Barua yako ya mwisho niliisoma chooni kazini, nimejifungia mlango. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nakueleza tu.

Siku hiyo hiyo niliandika barua ya kufuta sahihi yangu. Tai aliisoma, akafunga mlango.

"Ukifuta moja, zile nyingine kumi na tisa je?"

Sikujua kama fomu nyingine za uongo ni kumi na tisa. Akasema nchi nzima imeshatangazwa ya kwanza, kwamba wale wa kijivu wanasubiri kosa moja tu, kwamba hili si suala la mnara, ni suala la mataifa. Akaichana barua yangu taratibu, vipande vinne, akavitia mfukoni.

Siku mbili baadaye nikafuatwa mgahawani na bwana wa ubalozi wa kijivu, viatu vizuri, adabu nyingi, anajua Kiswahili kuliko mimi. Habari alikuwa nazo zote, hata kilo za mtoto. Anataka filamu fupi: Mlinzi amekaa chini ya mnara na mtoto mapajani, mimi nimesimama nyuma, nieleze jinsi mitambo ya wenzao inavyoua. Atanirudisha kwao kuwa mwalimu. Nikamuuliza, baada ya filamu mnara utawaka? Akasema hilo si eneo lao tena. Alisema kwa masikitiko kabisa, akaniagizia soda.

Nimemaliza? Sijamaliza. Jana Tai ameniita tena. Hawa weupe wamepata njia. Kuna fomu inaitwa ripoti ya tukio la wizi. Nikiijaza kwamba mnara uliwashwa, ukafanya kazi vizuri, halafu waya ukaibwa, basi karatasi zote zinakuwa za kweli, namba ya siri inatolewa upya, kikosi kinatumwa kuchomeka waya, na ndani ya siku mbili mnara unawaka. Fomu ina nafasi ya jina la mwizi. Tai ameshaliandika kwa penseli, ili mimi nipitishe kalamu. Ni Mlinzi. Hakuna mwingine mwenye ufunguo wa uzio, anasema, na polisi watamaliza haraka.

Nisipotia sahihi, mnara unabaki hivyo hivyo na wewe una wajawazito kumi. Nikitia, namfunga mtu ambaye nimeshamuulia mke. Nimepewa mpaka wiki ya kwanza ya Agosti. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


Zahanati, 17 Julai

Umeniuliza ufanye nini kama vile mimi ndiye niliyekalia hiyo meza. Mama hajambo. Hajui, na mimi sitakuwa mtu wa kumwambia.

Nilijua tangu Mei. Mtu hazungumzi kwa huruma namna ile kuhusu bosi wake. Nilikaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni siku kumi, mke wa Mlinzi akiwa bado hai, na sikukuandikia kwamba najua, kwa sababu nilitaka useme mwenyewe. Hilo ni langu na mimi nitalibeba. Usinibebee.

Nimechafukwa roho na wote. Na hao wa kofia mpya na zulia, na huyo wa viatu vizuri anayetaka kumkalisha mtoto wa watu mbele ya kamera kama chambo. Mataifa makubwa mazima, yenye watu waliosoma mpaka wakaishiwa vitabu, yanashindania kilima chetu, na hakuna hata moja lililokuja na waya wa kuchomeka. Nimechafukwa na wewe pia. Unajua hilo.

Sikutaka kuamua jambo la mtu bila mwenyewe. Nikamwita Mlinzi, nikamweleza kwamba kampuni inataka kuandika kuwa yeye ameiba waya, na kwamba wakiandika hivyo mnara utawaka. Fomu ya kwanza sikuitaja, wala sahihi ya nani. Alinisikiliza huku anafunga kamba ya kiatu.

"Utawaka kweli?"

"Wanasema siku mbili."

"Basi waandike."

Nikamwambia atafungwa. Akasema mtoto yuko kwa Mama, mimi niko hapa, na yeye gerezani angalau hataupita ule mnara kila asubuhi. "Mwambie kaka asisumbuke," akasema. "Waandike tu, mradi uwake."

Nimekuandikia alivyosema kwa sababu alinituma. Mimi nasema hivi: ukitia sahihi jina lake, usikanyage nyumba hii tena, hata kwenye mazishi yangu.


Mjini, 2 Agosti

Dada,

Barua yako ilinifikia tarehe thelathini. Wifi yako na watoto nimewapeleka kwao jana. Nilimweleza kila kitu tukiwa kituoni, nikabeba mizigo, akapanda bila kunigeukia.

Fomu nimeijaza leo asubuhi mezani kwangu. Nilifuta penseli ya Tai kwa kifutio cha mwanangu, nikaandika jina langu, kwa herufi kubwa kama wanavyotaka. Nimeandika kwamba nilikwenda huko kama msimamizi, nikachukua ufunguo wa mlinzi bila yeye kujua, nikaukata waya nikauuza. Kwenye "sababu" nimeandika tamaa. Nilitia sahihi, nikapiga muhuri, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya hao weupe hapa mjini kabla Tai hajafika, nikapata risiti ya mapokezi. Wamefurahi sana. Yule wa kofia ngumu alinishika mkono.

Tai alipoiona alilegeza tai yake kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia karatasi zote sasa ni za kweli, anataka nini zaidi? Polisi wamesema nije saa nane, nisijisumbue kuja na wakili kwa kuwa nimekiri.

Mnara ukiwaka, piga simu ya gari la wagonjwa hata kama hakuna mgonjwa. Nataka ujue inashika.

Mdogo wako


Zahanati, 30 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama amejua, redio ndiyo iliyomwambia. Hakulia. Aliuliza kama huko gerezani kuna baridi, akaanza kufuma fulana yenye mikono mirefu ambayo hawatakuruhusu kuivaa. Mtoto wa Mlinzi amefikia kilo tano na anacheka na kila mtu, hata mganga mkuu wa wilaya.

Mnara uliwaka tarehe saba, saa tano asubuhi. Simu yangu ikaanza kulia ndani ya droo, ujumbe wa miezi sita kwa pamoja. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa kama ulivyosema, nikamwambia dereva najaribu tu, akasema sawa mkunga, hakukasirika. Tarehe kumi na tisa nikampigia kwa kweli, mama wa mapacha, damu. Alifika baada ya dakika hamsini. Wote watatu wako hai.

Hapo ndipo mema yanapoishia. Wale weupe wametangaza kwamba mitambo yao haina dosari, mwizi ni mwenyeji. Wale wa kijivu wametangaza kwamba wenzao wanaajiri wezi. Kila mmoja ameshinda. Mke wa Mlinzi sijamsikia kwenye redio yoyote. Ile minara kumi na tisa mingine nimeiulizia kwenye simu ya huduma kwa wateja. Msichana amesema yote inasoma mizima. Umetia sahihi uongo mara mbili, mdogo wangu. Wa pili umeokoa watu na umesafisha karatasi ya wa kwanza, na mimi sijui niuweke wapi.

Nilikupigia namba yako, imezimwa, kwa hiyo naandika. Miezi kumi na minane waliyokufunga si mingi na si michache. Siku ya kutembelea ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, na nitakuja.

Siji peke yangu. Kampuni imemwachisha Mlinzi kazi, wanasema mnara sasa una kamera, na amejinyima ili apate nauli. Amewaambia watu kilima kizima kwamba wewe ulikubali kufungwa kwa ajili yake. Wanawake wanaleta mayai nyumbani kwa jina lako. Jana alinyoa ndevu, akamkatia mtoto kucha, akamtafutia gauni safi.

Hajui habari ya fomu ya kumi na saba. Mimi sikumwambia na sitamwambia. Anakuja kukushukuru.

Dada yako